Madeni ya Meneja kwa Kipimo cha Kaptura

Mtaa huu mzima hakuna anayenishinda hesabu. Waulize. Bei ya kitambaa, urefu wa mguu wa mtoto wa darasa la pili, siku zilizobaki shule zifunguliwe, vyote nakupa papo hapo bila karatasi wala mashine. Ila kugawanya sijui. Mwalimu alipofika kwenye kugawanya, mimi nilikuwa nyuma ya darasa nikimshonea mwenzangu kifungo, na mpaka leo kitu kikitakiwa kugawanywa nakikata kwa mkasi. Kutoa nako, nikisema kweli, kunanisumbua. Najua kujumlisha. Basi.

Lakini siku hiyo palihitajika kujumlisha tu, nami nilijumlisha sawasawa, na jibu nililolipata lilinifanya nitake kumnyonga mwanangu kwa tepu ya kupimia.

Mwanangu ni mmoja tu. Mtaani wanamwita Meneja, jina alilolipata akiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu alikuwa akichomeka kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyokuwa na wino. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, ana mke anayefundisha watoto wadogo, anauza vipuri vya friji kwenye duka la mtu, na kalamu bado ni tatu. Anaishi kwangu. Narudia: anaishi kwangu. Nyumba hii ni yangu. Chumba cha mbele nilikijenga kwa kaptura mia moja na arobaini za shule ya hapa jirani. Cha katikati nilikijenga kwa magauni ya wasimamizi wa harusi, wanawake wanene kwa wembamba, kila mmoja akitaka aonekane kama bibi harusi mwenyewe. Cha nyuma na jiko ni mapazia ya hoteli, madirisha tisini, mgongo wangu haujanyooka tangu hapo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alichangia mlango. Mlango mzuri, sikatai. Lakini mlango.

Hati ya nyumba ina jina langu na picha yangu, na miaka yote ilikaa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro langu. Miezi minne iliyopita Meneja akanijia kwa sauti ya upole, sauti ambayo kwa kawaida huitumia akitaka niongeze nyama kwenye sahani yake.

"Mama, nipe hati yako nikaitoe nakala. Karatasi inachakaa ile. Kuna duka wana mashine mpya."

Nikampa. Ningemnyima kwa lipi? Niliyemfuta makamasi?

Toka siku hiyo kila nikiuliza nilipewa jibu. Kwanza mashine imeharibika. Kisha mwenye mashine kasafiri. Kisha umeme. Mwisho akaanza kunikoromea: "Mama, na wewe nawe! Hati inaoza?" Miezi minne! Ndani ya miezi minne mbuzi anakaribia kuzaa, lakini karatasi moja ya mwanangu haijatokea upande wa pili wa mashine. Nilikuwa silali vizuri. Mtu ukishona nyumba yako kaptura kwa kaptura, ukilala bila hati yake unakuwa kama umelala barazani kwa watu.

Basi siku hiyo Meneja alikuwa na mapumziko, na tangu anywe chai alikuwa akinihimiza.

"Mama, leo si siku ya kupeleka sare shuleni? Nenda mapema, kabla jua halijawa kali."

Lini mwanangu amejali jua langu? Nikamwambia nitakwenda. Yeye akatoka kwenda kunyoa. Mimi nikakaa barazani kwenye cherehani yangu, nikaendelea kushona, taratibu kabisa, kama mtu asiye na safari.

Haikupita nusu saa akaja binti mmoja, mwembamba, fulana ya bluu yenye maandishi kifuani, kibao cha kioo mkononi, kile wanachokiita kishikwambi. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimefunguka mdomo, amekifunga kwa mpira wa bahasha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kama unauza sabuni, tunayo."

"Siuzi kitu, bibi. Mimi ni mdadisi. Tunafanya utafiti wa madeni ya kaya."

"Mnadai?"

"Hapana, tunauliza tu. Watu wanadaiwa kiasi gani, na nani, na wanalipaje."

"Mkishajua?"

"Tunahesabu."

"Mkishahesabu mnalipa?"

Akacheka, akakaa kwenye stuli. Nikampenda hapo hapo. Akanieleza kwamba katika mtaa wetu walichukua kila nyumba ya nane, na bahati ikaangukia kwetu. Siri haitoki, alisema, hata polisi akiuliza hapewi. Wiki mbili nyuma alikuja mwenzake kuandika nani anaishi hapa, na leo yeye amekuja na maswali yenyewe. Siku ya yule mwenzake mimi nilikuwa sokoni kununua lastiki. Aliyemkuta ni Meneja.

Mimi nikafurahi, nisifiche. Miaka yote nimeulizwa "hii itakuwa tayari lini?" tu. Hakuna aliyewahi kufunga safari kuja kuniuliza habari za fedha zangu. Nikamwambia, "Ngoja nibadilishe gauni kwanza."

Binti akatazama kibao chake. Kidole kikashuka, kikapanda, kikashuka tena.

"Bibi, samahani. Hapa kwenye orodha nina watu watatu. Mkuu wa kaya, mwanamume, miaka arobaini na mmoja. Mke wake. Na..." akasita.

"Na nani?"

"Msaidizi wa kazi za ndani. Mwanamke. Miaka sabini." Akanitazama kwa adabu. "Ndiye wewe, bibi?"

Cherehani ilisimama yenyewe. Nakuambia, sikuondoa mguu, ilisimama yenyewe.

Msaidizi wa kazi za ndani! Mimi! Kwenye baraza niliyoimwagia zege kwa mikono yangu! Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikaona chumba cha mbele, cha katikati, cha nyuma, vyote vinanicheka. Na ile miaka sabini ndiyo ilinimaliza kabisa, kwa sababu mimi nina sitini na minane. Anifanye mtumishi, na bado aniongezee miaka miwili!

Nilifungua mdomo kumwaga yote. Halafu nikaufunga. Nilijua nikipiga kelele, Meneja akirudi atasema yule kijana aliandika vibaya, hakusikia, alikuwa na haraka, na mimi nitabaki na hasira zangu bila jibu. Mimi nilitaka kujua kwa nini. Mtu hamfanyi mama yake mtumishi bure bure. Kuna faida mahali.

"Ndiye mimi," nikasema.

"Pole, bibi. Wasaidizi hatuwaulizi madeni. Ndivyo tulivyofundishwa, kaya yako inahesabika kuwa ni kule kwenu."

"Kwa hiyo hapa sihesabiki."

"Kwenye kaya hii, hapana." Aliona aibu kuliko mimi. "Nina maswali mawili tu kwa ajili yako. Unalala hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Unalipwa kwa mwezi au kwa siku?"

"Silipwi."

"Hulipwi kabisa? Tangu lini?"

"Nilianza siku aliyozaliwa bosi wangu. Nilimlea mimi."

Binti akaweka kibao mapajani. "Bibi, huo ni unyonyaji!"

"Ulianza siku hiyo hiyo," nikamjibu.

Roho ilimuuma, maskini, nikaona anataka kunifanyia wema. Nikamwambia basi aniulize yale maswali ya deni hata kama hayaandiki, nisikie tu yanavyokuwa, nami nisionekane si mtu. Akakubali. Mimi nina deni moja, la nyuzi, kwa mwenye duka la nyuzi. Akaniuliza huku nashona. Nani alinikopesha? Lini? Kiasi gani? Kwa ajili ya nini? Riba je? Nalipa kila baada ya muda gani? Nimebakiza kiasi gani? Nimewahi kuchelewa? Nikichelewa ananifanya nini? Nimeweka dhamana? Kuna aliyenidhamini? Naona nitamaliza? Maswali kumi na mawili. La ananifanya nini nilijibu kwamba hanisalimii, akacheka mpaka akafuta macho.

Alipofika mwisho, kaptura niliyoanza nayo ilikuwa imefika mwisho. Miguu, mkanda, pindo. Bado kifungo.

"Kuna mwingine?" akauliza, kwa sauti ya kazi, kila neno limesimama peke yake.

"Sina."

"Ukisema huna, mashine inaruka mpaka mwisho. Asiye na mkopo namaliza naye chai haijapoa. Lakini mwenye nao, kila mmoja ni maswali kumi na mawili upya. Kuna nyumba nimekaa mpaka mwenyeji akaniletea mto."

Nikaliweka hilo kichwani: deni moja, kaptura moja.

"Bosi wangu," nikamchokoza, "alikubali kirahisi kuulizwa?"

"Nilipompigia simu kupanga siku ya leo aliniuliza mara tatu kama tumetumwa na kampuni ya mikopo. Wengi wanatuogopa hivyo, bibi. Nilimwambia hatujuani nao kabisa. Sidhani kama aliniamini."

Kampuni ya mikopo. Hati yangu miezi minne nje ya godoro. Na mimi mtumishi. Nilivitazama vitatu hivyo kama vipande vya nguo mezani, na nikaanza kuona vinashonwa wapi.

Hapo Meneja akaingia, kichwa kinang'aa kwa mafuta ya kinyozi. Aliponiona nimekaa na binti alisimama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"We... bado hujaenda shuleni?"

Sikiliza hiyo. We. Mdomo wake ulikuwa umeanza kuniita mama, ukakata kona njiani.

"Bado kaptura sita, bosi," nikasema. "Nikimaliza naenda."

Akanitazama, akamtazama binti, akanitazama. Hakujua ninajua kiasi gani, na hakuweza kuuliza mbele ya mgeni. Nilimpa tabasamu la mtumishi mwema. Akamkaribisha binti chumba cha mbele, akavuta pazia la dirisha. Pazia lenyewe nililishona mimi, kwa kitambaa cha bei rahisi alichonunua yeye, na kitambaa cha bei rahisi hakizibi sauti.

Meneja alinong'ona. Lakini binti amefundishwa kusema wazi. Yeye nilimsikia neno kwa neno.

Walianza na bati, vyumba, choo, friji. Halafu binti akauliza, "Nyumba hii ukiuza leo, utapata kiasi gani?" Na hilo Meneja hakunong'ona! Alitaja kiasi kwa sauti kamili, papo hapo, bila kufikiri, kama mtu anayetaja umri wake. Mimi mwenye nyumba sijui bei yake. Sijawahi kuuliza. Yeye alikuwa nayo mdomoni tayari. Sindano ikaniingia kidoleni, na sikusikia.

"Je, una mkopo wowote?"

Kunong'ona. Nikachukua kaptura ya kwanza. Nani, lini, kiasi gani. Hiyo nilijua, alikuwa amekopa kupitia simu, kwa sababu simu yake hulia kila mwisho wa wiki naye huitazama kama nyoka. Kaptura ikaisha.

"Kuna mwingine?"

Nikaomba Mungu aseme hapana. Nilisubiri na mguu hewani. Kunong'ona. Kaptura ya pili. Hii nadhani ilikuwa kwa tajiri wake wa dukani, maana nilisikia "wanakata kwenye mshahara?" Kumbe ndiyo sababu mkwe wangu, mwalimu wa watu, anakwenda kazini na sketi niliyoipindua ndani nje mara mbili! Nilimshonea nikidhani ni ubahili wake.

"Kuna mwingine?"

Ya tatu ilikuwa ya gari, nilimsikia binti akilirudia neno lenyewe. Mwaka juzi Meneja alinunua gari la kukodisha, akalipiga honi mtaa mzima, akanipakia mbele. Lilitembea miezi miwili, injini ikafa, likabaki uwanjani kwa fundi kuku wanatagia ndani. Alituambia alilinunua kwa akiba. Akiba! Nilimpongeza. Nilimshonea vitambaa vya viti!

"Kuna mwingine?"

Ya nne nilisikia binti akiuliza, "Kwa ajili ya nini?" kisha akarudia jibu ili aandike, "Kulipa ule wa tatu." Nilikata uzi kwa meno mpaka fizi ikauma. Kulipa ule wa tatu! Mtu anahamisha maji kutoka ndoo iliyotoboka kwenda ndoo iliyotoboka, na anavaa kalamu tatu!

Nikautazama mlundo. Kaptura nne zimekunjwa, kila moja ina deni lake. Nikawa namwomba yule binti kimoyomoyo, zima kibao chako, mjukuu wangu, nyanyuka, yatosha.

"Kuna mwingine?"

Kisha kunong'ona, kwa muda mrefu kuliko kote.

"Huu una dhamana?" ikaja sauti ya binti. "Dhamana gani?... Nyumba hii hii?"

Mguu wangu haukukanyaga tena.

"Umewahi kuchelewa marejesho?... Mangapi?... Matatu. Na wamesema watafanya nini?" Akarudia jibu ili aandike, pole pole, kila neno limesimama peke yake. "Kuuza nyumba. Tarehe thelathini mwezi huu."

Siku kumi na tisa. Nilijumlisha kwa vidole. Siku kumi na tisa, halafu mtu nisiyemjua analala chumba cha mapazia ya hoteli, na mimi, umri wangu huu, naburuta cherehani barabarani kutafuta ukuta wa kuegemea.

Sikulia. Nilikwenda jikoni nikachemsha chai. Sijawahi kuchemsha maji kwa hasira namna ile. Nadhani yalichemka kwa kuniogopa. Nikaweka vikombe viwili kwenye sinia, birika, sukari, nikajifunga kanga kiunoni kama mtumishi wa kweli, nikasukuma mlango kwa kiuno.

"Chai, bosi."

Meneja aliruka. Mezani alikuwa amefungua faili. Binti alikuwa amemwomba karatasi ili asikosee kiasi, ndivyo walivyofundishwa, na karatasi zilikuwepo: mkataba wenye muhuri mwekundu na, juu yake, nakala ya hati yangu. Mashine kumbe ilipona.

"Asante. Weka, nenda," akasema, macho yake kwenye zulia.

"Nimimine kwanza, bosi. Mgeni asije akasema hatuna adabu."

Nikaanza kumimina, pole pole. Birika langu lina mdomo mwembamba, linachukua muda wake.

"Tumalizie habari za nyumba," binti akasema. "Uliipata kwa kununua, kujenga au kurithi?"

Meneja akakohoa. "Tuliruke hilo."

"Haliruki, kaka. Mkopo ukiwa na dhamana lazima nijaze."

"Kurithi," akasema, kwa sauti ya mbu.

"Kutoka kwa nani?"

"Mama."

"Ndiye huyu mwenye jina kwenye hati?"

"Ndiye."

"Alifariki mwaka gani?"

Hapo ndipo vipande vyote vikashonwa. Aliwaambia wale wa mikopo kwamba nimekufa! Nimekufa na yeye ndiye mrithi, na wao wakatoa fedha bila hata kuuliza kaburi liko upande gani. Na yule kijana wa orodha alipobisha hodi, Meneja akadhani katumwa nao kupeleleza, basi marehemu hakuweza kuandikwa. Ikabidi atafutiwe kazi. Akafikiri, mwanangu yule, akapata kazi ya kunipa ndani ya nyumba yangu.

Chai ikamwagika kidogo kwenye sinia. Nikaipangusa.

"Sukari ngapi, bosi?"

"Mbili."

"Mwaka gani, kaka?" binti akauliza tena. "Mashine inakataa kwenda mbele bila mwaka."

"Andika wowote."

"Siruhusiwi."

"Mwambie, bosi," nikasema. "Hata mimi nilikuwa kazini hapa hapa, lakini tarehe imenitoka."

Aliniangalia. Ninayajua macho hayo. Ni macho aliyoyatoa akiwa na miaka saba, kioo cha dirisha kimevunjika na jiwe liko mkononi mwake. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Nilisimama na kijiko hewani nikimngoja aseme neno moja tu. Angesema mama, huyu hapa, ningempiga sinia la kichwa na ningemsamehe kabla halijatua.

"Mwaka juzi," akasema.

Binti akaweka mkono kifuani. "Poleni sana." Akanigeukia na mimi. "Pole, bibi. Mmeishi naye miaka mingi."

"Asante, mjukuu wangu. Ilikuwa ghafla. Hata yeye mwenyewe hakuwa na habari."

"Aliumwa?"

"Wapi! Alikuwa anashona."

Meneja akanyanyuka. "Nadhani tumemaliza. Nina safari."

"Kaa chini," nikamwambia, na hiyo haikuwa sauti ya mtumishi. Magoti yake yakamtii kabla yeye hajaamua.

Nikauchukua ule mkataba wenye muhuri mwekundu. Binti akashtuka, "Bibi, karatasi za mhojiwa siruhusiwi kuonyesha mtu!" Nikamwambia hajaonyesha, nimechukua mwenyewe, aandike hivyo kama mashine yake ina mahali. Niliukunja mara nne nikautia kifuani, kwenye kile kifuko ninachoshona ndani ya sidiria, na nilipokuwa huko nikatoa kitambulisho changu. Nikakiweka mezani, kando ya nakala ya hati.

"Wewe unasoma vizuri kuliko mimi," nikamwambia binti. "Nisomee hiki, kisha nisomee hiyo. Kesho asubuhi natakiwa niende kwenye ofisi ya hao wa mikopo kuwauliza walimzika nani, na sitaki nikosee jina."

Alisoma kitambulisho. Akasoma hati. Akarudi kwenye kitambulisho. Kidole chake kikawa kinatembea kati ya karatasi hizo mbili kama mtu anayevuka barabara na kurudi.

"Kaka," akasema taratibu, "majina yote matatu ni yale yale."

Kijasho kilikuwa kinamtiririka Meneja kwenye kipara kipya.

"Wajina," akasema. "Ni wajina wa marehemu. Ndiyo maana mama alimpenda, akampa kazi."

"Na picha?"

"Picha ni... ni mdogo wake. Wanafanana sana."

"Tarehe ya kuzaliwa nayo ni moja."

"Pacha," akasema Meneja. "Walikuwa mapacha."

Binti akaivuta nakala karibu na dirisha, akakiweka kitambulisho juu yake, akaanza kusoma namba ya kitambulisho iliyoandikwa chini, tarakimu moja moja, kwa ile sauti yake ya kazi, kutoka kwenye kitambulisho. Kisha kutoka kwenye hati. Zilikuwa tarakimu kumi na moja. Alipofika ya tano, zote zikilingana, Meneja alikuwa bado amefungua mdomo, anatafuta ndugu mwingine wa kunipa.